Ukurasa wa Themanini na Nane

Miaka thelathini na mmoja nimekaa chini ya jukwaa,
kati ya waulizao na waulizwao,
vidole vikinasa kila neno kabla halijapoa.
Nimeandika viapo, vikohozi, vicheko vya maseneta.
Kimya sijawahi. Mashine yangu haina kitufe chake.

Machi ile, Washington, theluji imegeuka tope,
Kamati Ndogo iliiita Tume ya Vinu vya Nyuklia.
Mwenyekiti wa Tume, Thayer Lindqvist,
alitamka "usalama" mara arobaini na tatu.
Nilihesabu. Kuhesabu ni maradhi ya kazi hii.

Seneta Vollmer, aliyelima viazi kabla ya siasa,
alivaa miwani taratibu, kama mtu avaaye glavu.
"Sera ya zamani ilisema: mkaguzi akipinga,
pingamizi lake sharti lisomwe na makamishna.
Hii mpya yasema: lisomwe inapofaa.
Nani alimuua Sharti, bwana,
na mmemzika wapi?"

Lindqvist alijibu kwa dakika sita.
Nimeziandika zote; zisome ukipenda.
Mna kila kitu humo isipokuwa jina la mtu.

Ndipo akaitwa Corinne Dembowski,
mkaguzi wa pampu, sweta ya kijivu, kiwiko kimetiwa kiraka.
Mara tatu aliandika kwamba jenereta za akiba
za kinu cha Mto Tallow zimewekwa chini ya ardhi,
futi mbili chini ya alama
ambayo mafuriko ya mwaka alioolewa bibi yake
yaliiacha kwenye ukuta wa kanisa.
Mara tatu barua ilirudi na mhuri: IMEPOKELEWA.
Baada ya ile ya tatu, meza yake ilihamishwa
hadi kando ya mashine ya fotokopi,
mahali ambapo hakuna amuulizaye kitu
ila karatasi imekwama wapi.

"Bi Dembowski, uko huru kusema?"

Alimtazama mwanasheria wa Tume, kushoto kwake.
Mwanasheria aliitazama kalamu yake.
Taa ya kipaza sauti ilikuwa ya kijani.
Barafu ilijigeuza ndani ya jagi.
Mtu nyuma alifungua pipi, akajuta katikati.
Vidole vyangu vilining'inia, havina pa kutua.

Kisha: "Someni ukurasa wa tisa."

Makabrasha yakafunguliwa, kishindo cha njiwa wakishtuka.
Ukurasa wa tisa ulikuwa mweusi tii,
mstari kwa mstari, wino wa Tume yenyewe.
Seneta aliuinua kwenye taa, akaupindua
kama muuza duka anayeishuku noti.
Mfutaji alikuwa amesahau maneno mawili:
maji yakifika.
Basi. Juu yake giza, chini yake giza.

Funika kombe, wanasema.
Lakini kombe hili linachemka,
na walifunikao hawalali ng'ambo ya uzio wake.

Wiki iliyofuata nililetewa barua, ya adabu sana:
Tume inaomba masahihisho madogo katika kumbukumbu.
Ukurasa wa themanini na nane, mstari wa kumi na nne,
palipoandikwa "Shahidi alinyamaza sekunde kumi na moja,
akimtazama mwanasheria,"
paandikwe "Shahidi hakuwa na la kuongeza."

Maana niliandika, kumbe. Herufi kwa herufi,
kwa vitufe vilevile vya siku zote.

Kanuni zinaniruhusu kusahihisha tahajia.
Nikasahihisha jina la mto; nilikuwa nimeiacha L moja.
Mengine sikuyagusa. Nikatia sahihi,
nikala sandwichi yangu ya yai pale pale mezani.

Sijui kama jenereta zimepandishwa hata ngazi moja.
Sikuambiwa; watu wa kazi yangu hatuambiwi.
Corinne, nasikia, bado yuko pale kwenye fotokopi.
Lakini ukurasa upo maktabani, rafu ya chini,
na sekunde zake kumi na moja.
Nenda na saa yako.