Mbili kwa Nne

Tartu, Januari. Mto umeganda,
na dirisha la maabara limeota manyoya meupe kwa ndani.
Imre anafunua mashine:
chembe zake, alizozitaka hai,
zimekuwa kidonge chekundu, kigumu,
kimeng'ang'ania kitako cha mrija kama ukoko wa sufuria.

"Nilifuata karatasi," asema. "Elfu tatu kwa dakika.
Kisha nikapandisha hadi elfu sita. Niwahi basi."

Urve hamjibu.
Miaka thelathini na moja ya damu ya watu wengine
imemfundisha kutojibu upesi.
Anatoa mfukoni utepe wa kushonea,
anapima kutoka kitovuni hadi kitako cha mrija:
sentimita kumi na nane.
"Ile ya zamani, tuliyoiandikia karatasi hii,
ilikuwa tisa."

Anaandika kwa penseli juu ya boksi la glavu.
Mkono umerefuka mara mbili: mbili.
Kasi imepanda mara mbili: nne,
maana kasi hujizidisha yenyewe
kabla haijaja kukudai.
Mbili kwa nne, Imre.
Umezikanyaga mara nane.

Kanuni hiyo alikaririshwa na mwalimu wake, kwa vina vya kwao.
Ukiileta kwenye mizani yetu, inakuja hivi:

*Kasi ukizidi mbili, nguvu huzidi kwa nne,*
*Tatu ukiikabili, ni tisa, usibishane,*
*Mkono ukiwa mbali, hukua sawa, uone,*
*Piga hesabu kamili, ndipo kitufe ubane.*

Utotoni, asema Urve, tulichimbia mti kwenye barafu ya ziwa,
tukaufunga ufito mrefu juu yake,
na kwenye ncha ya ufito, kigari cha kuteleza.
Wawili wanasukuma karibu na mti, polepole, wanacheka.
Kule nchani, kaka yangu Endel hacheki.
Meno yamefungana, kofia imeshapotea.
Siku aliyoachia
kila mtu alisema ametupwa nje.
Hakutupwa. Nilikuwepo.
Alikwenda moja kwa moja, alikoelekea tangu mwanzo;
ufito ndio uliokuwa ukimnyima.

Imre anakuna kidevu.
"Basi mkono ukiwa mara mbili, nipunguze kasi nusu.
Elfu moja na mia tano."
Urve anatikisa kichwa. Penseli inarudi kwenye boksi.
Nusu ya kasi ni robo ya nguvu;
ungeamka kesho uzikute bado zinaelea.
Elfu mbili, mia moja na ishirini.

Basi limeondoka zamani.
Imre anaweka mrija mpya,
na mkabala wake mrija wa maji, uzito uleule,
maana hata nguvu ina haya ya kuonekana imeegemea upande.
Kifuniko. Kitufe.
Mlio unapanda, unapanda,
halafu, mapema kuliko alivyozoea,
unatulia.