Daftari la Kikosi cha Kwanza, Quillaimo

Historia yetu inaanzia ukurasa wa tisa.
Zile nane za mwanzo ziliungua na kituo chenyewe,
usiku mmoja wa Juni, mwaka 1911,
wazimamoto wako ng'ambo ya mto
wakiliokoa ghala la ngano la mtu mwingine.
Waliporudi, farasi wa akiba kasimama barabarani,
mkia umebabuka,
na Casimiro Oyarzo, karani, akaketi topeni
akaandika kwa penseli: Leo tumeungua sisi.

Huu ni mji wa mvua.
Hunyesha siku mia mbili, na zilizobaki hutishia.
Mgeni huuliza: mji uliolowa hivi unaunguaje?
Ziulize mbao.
Ukuta mbao, paa mbao, kanisa mbao, daraja mbao,
na ndani ya kila nyumba jiko la kuni
lisilozimwa tangu Machi hadi Novemba,
bomba lake limejaa masizi kama koo la mvutaji.

Pampu ya kwanza ilishuka melini vipandevipande,
maelekezo yake kwa Kijerumani.
Aliyeweza kuyasoma ni mwoka mikate, Leopold Brahm.
Wakamfanya kapteni kwa sababu hiyo tu,
naye akaongoza miaka ishirini na miwili,
unga ukiwa bado kwenye nyusi.

Kisha kikaja Kikosi cha Pili, cha wapasua mbao wa chini ya kilima.
Wahenga husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo;
kwetu ilikuwa kikosi na kikosi.
Mwaka 1938 duka la dawa likateketea hadi msingi
huku wanaume thelathini wakigombania bomba moja la maji.
Daftari letu linasema: Kikosi cha Pili walichelewa.
Daftari lao linasema: Kikosi cha Kwanza walilewa.
Nimesoma yote mawili.
Nayaamini yote mawili.

Mei 1960, tetemeko. Ukurasa mzima una mistari mitatu:
Hakuna moto.
Hakuna maji.
Hakuna barabara.
Mwandiko sijaujua ni wa nani.

Eduvigis Mansilla aliomba kujiunga mara tatu,
mara tatu wakamjibu kwa heshima na muhuri.
Akaendelea kuja na birika la kahawa kwenye kila moto
hadi usiku wa shule ya watawa, 1979:
Bi Mansilla ameshika mpira wa maji.
Hakuna aliyemwambia auache.

Na hapa, mwaka 1984, wino umechuruzika.
Kiwanda cha mbao. Remigio Huenul, miaka kumi na tisa.
Nilitafuta maneno makubwa, sikuyakuta.
Nilikuta, wiki mbili baadaye, orodha ya vifaa:
Buti, jozi moja, zimetolewa kwa mama yake.
Mdogo wake anavaa namba hiyohiyo.
Kila mwaka tunaita majina,
tukifika kwake tunajibu sote: Yupo!
Mdogo wake hujibu kwa sauti ya chini,
akitazama miguu.

Hatulipwi. Sisi ndio tunaolipa:
ada ya kila mwezi, ili turuhusiwe kuingia motoni.
Gurudumu la nyuma la gari ni empanada mia sita
tulizouza mlangoni pa kanisa, Jumapili nne mfululizo.

Meya ameomba kurasa mbili za hotuba ya sherehe,
mashujaa wakiwa mwanzoni kama inawezekana.
Nimeketi na daftari tangu saa mbili usiku
na sijui nimpe ukurasa upi.
Labda nitampa huu wa juzi,
mwandiko wangu mwenyewe, mbaya, wa saa kumi alfajiri:
Bi Filomena Barría amepiga simu tena,
mara ya tano tangu amzike mumewe.
Anasema ananusa moshi.
Tumekagua jiko, dari, bomba. Hakuna moto.
Tumekunywa chai.
Tumekaa hadi alipolala,
tukaufunga mlango polepole,
tukalisukuma gari hadi kona ndipo tukaliwasha.