Rafu ya Tatu

Duka letu liko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
mlango wa tatu kutoka kwa fundi saa.
Kila Jumatatu huja Kondo, wakala wa Kipusa,
chokoleti ya karatasi ya kijani,
na kabla jasho la Kondo halijakauka
huja Tusekile, wakala wa Fahali,
karatasi nyekundu, pembe mbili za dhahabu.

Wanagombea rafu ya tatu,
iliyo usawa wa macho ya mteja.
Kondo huisukuma Fahali kwa kiwiko, eti bahati mbaya.
Tusekile hungoja simu ya Kondo iite,
huirudisha Fahali yake, Kipusa huitupa
kule nyuma, kwenye viberiti.
Mwezi uliopita walitukanana
mpaka fundi saa akavua miwani, akaja kuamua.

Mimi kazi yangu kuhesabu.
Mwisho wa mwezi, shata nusu, feni inakohoa,
natafuta zilizopitwa na tarehe.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nikaazima lenzi ya fundi saa.

Kipusa: mwenye mali, kampuni fulani, sanduku la posta fulani.
Fahali: kampuni hiyohiyo. Sanduku hilohilo.
Nikachuchumaa kwenye rafu za chini.
Radi, bigijii inayowapaka vijana ulimi wa buluu: haohao.
Tofi za Bwana Kifungo: haohao.
Lozi za sikukuu, pipi ya kijiti yenye filimbi,
hata Mnanaa, pipi ya kifua
ambayo Bi Zuhura mwenye duka huisifu
kuwa ni ya watu wa zamani, waaminifu.
Walimnunua yule bibi wa kwenye kopo,
pamoja na kilemba chake.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha.
Tangu lini nimekuwa nikisema
"hii imeisha, chukua ile"?

Jumatatu niliwaita wote wawili, nikawapa lenzi.
Kondo alisoma mara mbili, midomo ikitembea.
Tusekile aliigeuzageuza Fahali
kama mtu anayeshuku noti.
Kwao ni Kyela. Baba yake huanika kakao mkekani,
hufukuza kuku kwa fimbo,
na hajawahi kuuliza gunia linakokwenda.
"Baba naye yumo humu," alisema,
"ila yeye hawakumwandika, hata kwa herufi ndogo."

"Basi tumegombana bure," akasema Kondo.
"Bure? Kamisheni yako inaingia mfukoni mwangu?"
Na palepale akaisogeza Fahali, rafu ya tatu.
Kondo akakunja mikono ya shati.

Saa saba mchana aliingia mtoto wa sare,
sarafu ya mia mbili imelowa kiganjani.
Akasimama mbele ya makopo
kama hakimu aliyesahau miwani.
"Radi na Bwana Kifungo, ipi nzuri?"
Neno lilinifika kwenye meno. Nikalimeza.
"Chagua mwenyewe, mwanangu."
Akachagua Radi. Akarudisha. Akachagua tena.
Nyuma yake mama mmoja mwenye haraka
alikuwa akigonga kaunta kwa ufunguo.

Alifika mlangoni, akageuka:
"Dada, nataka ile nyingine."

Nikambadilishia.
Karatasi alikuwa ameshailamba.