Kilo Tatu za Rangi

Drejc alipanda Kanin na kilo tatu za rangi mgongoni.
Mimi nikaachiwa saa, kreti la chupa na kiti cha kukunja
kando ya chemchemi iliyo chini ya kanisa.
"Ukiona kijani, andika dakika."
Hakuaga zaidi ya hapo.

Mlima huu ulikuwa sakafu ya bahari.
Si methali. Panda hadi nyasi zinapokoma
utaziona kombe zimebanwa ndani ya jiwe,
pana kama kiganja, zimekatika mfano wa moyo.
Babu Matevž alisema ni kwato
za ng'ombe aliyepita kabla mwamba haujakauka,
na babu alikuwa mtu wa kusoma magazeti.

Bahari ikainuliwa. Ilipoinuliwa ikapasuka.
Ufa mmoja unaanzia kwenye kibanda cha jibini,
unapita chini ya njia ya kondoo, umenyooka
kama mkasi wa fundi asiyesita.
Upande huu ulishuka, ule ukagoma,
kati yao pakabaki nafasi ya unywele.
Unywele unatosha.
Maji hayaombi mlango, yanaomba kisingizio.

Mvua ikichuja kwenye udongo wenye mizizi
huokota uchachu kidogo,
kama soda iliyosahauliwa mezani usiku kucha,
na kwa uchachu huo huliramba jiwe.
Hailitafuni. Huliramba,
hadi unywele unakuwa kidole, kidole koo,
na koo ukumbi ambao taa ya Drejc
haijapata kuliona dari lake.

Kisha barafu.
Ililala juu ya uwanda huu, ikajikokota,
ikakwangua paa la mlima pamoja na vizingiti vyake;
ndiyo sababu yapo mapango yanayoanzia katikati,
vitabu vilivyonyofolewa kurasa za mwanzo.
Ikachimba bonde, ikalichimba tena,
na maji ya ndani, kila yalipokuta njia ya kutokea imeshuka,
yaliacha nyumba ya juu yakahamia ya chini.
Drejc huzipita nyumba hizo kwa kamba:
kavu, kimya, sakafuni mchanga laini
wa mto ambao haupo.

Kipande cha barafu kimesalia humo,
mita mia mbili chini ya jua, kijivu, kinadondoka.
Mwaka jana alikipima, akanitajia namba.
Mwaka huu alikipima, akaniomba chumvi.

Siku ya kwanza: maji meupe.
Siku ya pili mama aliniletea supu ya shayiri,
akachungulia chemchemi kama anayechungulia sufuria,
akasema, "Haijaiva."
Usiku ikanyesha mvua ya kupasua vigae.
Nilijaza chupa kila saa, mwavuli begani,
nikimulika kila moja kwa tochi: meupe, meupe, meupe.

Alfajiri ya siku ya tatu simu ikalia.
Ni Odorico, ng'ambo ya mpaka, upande wa Italia,
mfugaji wa samaki, sauti yake imejaa viatu vya mpira:
"Ninyi huko! Nani amewapaka rangi samaki wangu?"
Kijito chake chote kilikuwa kijani,
kijani cha kalamu ya mwalimu,
na bata watatu wanaogelea humo bila wasiwasi.

Nilimwambia rangi haina madhara.
Nilimwambia samahani.
Sikumwambia kwamba ule ufa ulikuwapo
kabla ya vita vyote viwili, kabla ya nguzo na askari,
wala hakuna aliyeufundisha kusoma ramani.

Drejc alitoka jioni, matope hadi kwenye kope.
Nikampa habari. Akaketi chini kama gunia,
akacheka hadi akakohoa,
kisha akatoa penseli na kuufuta mshale
aliouchora miaka kumi na mmoja iliyopita.

Nimebaki na chupa hamsini na mbili,
kila moja na dakika yake, safi kabisa.
Nimeifungua moja, nimekunywa.
Ni baridi, ina ladha ileile ya utotoni.
Sasa niambieni: haya ya kwetu
yanatoka wapi?