Herufi Nne

Bi Shekuwe wa Langoni alinikabidhi kopo,
akaziba pua kwa pindo la leso, akacheka:
"Masomo yote haya, mwanangu,
mwisowe ni kutukua mavi ya watu?"
Ndiyo, bibi. Nikaandika namba: arobaini na moja.

Barafu nilinunua kwa wauza samaki.
Punda wa Famau akagoma kichochoroni
na sanduku likanivujia hadi hospitalini.

Sikumweleza yote.
Sikusema kwamba utumboni mwake
bakteria wanawindwa usiku na mchana
na virusi vyenye kichwa cha pembepembe,
visivyo na tumbo, visivyojua njaa.
Hutua, hutoboa, hupenyeza uzi,
na saa haijaisha nyumba imepasuka,
wametoka mia.

Vingine haviui. Huingia kama mgeni,
na siku ya tatu, badala ya kushika jembe,
hujishona katikati ya nasaba ya mwenyeji,
jina baina ya majina;
mwenyeji akizaa, anamzaa na mgeni.
Hulala hivyo vizazi kwa vizazi
hadi siku ya dawa kali.
Siku hiyo huamka, huvunja dari.

Bakteria nao si mabwege. Wana daftari,
kama lile la madeni dukani kwa Mbarak:
vipande vya kila aliyewahi kuwaibia,
wa juzi mbele, wa kale nyuma.
Basi kirusi hukosea tahajia makusudi,
ncha ya mkia tu, pale pa kushikia,
na kikirudi, jina halimo.

Vita hivyo vyote, na Bi Shekuwe
alilalamikia goti tu.

Majibu yalifika baada ya Maulidi.
Yeye tulikuwa tumeshamzika.
Namba sitini na nane ilikuwa Mwanakheri, mjukuu wake,
aliyemlea kwa mkono mmoja, sahani moja,
sasa mwaka wa tisa ameolewa Malindi,
anakula vingine, anakunywa maji mengine.
Kirusi ni kilekile.
Herufi elfu tisini na saba,
nne tu zimehitilafiana.

Nikampigia simu. Nilijiandaa kueleza
mabadiliko ni nini, nasibu ni nini,
kwa nini nne si nyingi.
Alinyamaza. Nikasikia sufuria ikifunikwa.
Kisha akauliza:
"Zipi?"

Nikamsomea, moja moja.
Akaniambia ngoja,
natafuta kalamu.