Chini ya Mbao

Lisemwalo lipo, na kama halipo
liko chini ya mbao.
Tuliligundua hilo hapa Haukkala, mwezi wa tano,
barafu bado imeng'ang'ania kingo za ziwa,
Jorma alipong'oa sakafu ya ukumbi wa kijiji,
ile iliyochezewa dansi tangu babu zetu wachonge magogo.

Alitoa vibanio vya nywele, ndoo nzima.
Akatoa kichupa cha spiriti cha enzi za marufuku,
ambacho kila ukoo uliapa ni cha ukoo mwingine.
Jino la dhahabu, la ile ngumi ya mwaka hamsini na saba
kati ya Eevertti na mpiga kodiani kutoka mjini.
Tikiti mia moja na nne zilizouzwa mara mbili;
na mweka hazina wa zamani, Mungu amrehemu,
akafa tena mbele ya kamati.

Kisha barua, imekunjwa ndogo kama kidonge cha sukari:
"Nyuma ya sauna. Usije na viatu vinavyolia. T."

Tauno akasema yeye hajawahi kuandika hata kadi ya Krismasi.
Tuomas akasema wakati huo alikuwa tumboni.
Mjane wa Taavi alikiweka chini kipande chake cha mkate wa iliki,
hakukigusa tena.

Ndipo Saimi, miaka tisini na moja,
aliyefuata kahawa tu,
akasema macho yakiwa kikombeni:
"T si mtu. Ni siku. Jumanne yetu huanza na T."

Kijiko kikagonga kisahani.
Jumanne, ukumbini, ilikuwa kwaya ya kanisa.
Saimi aliimba sauti ya kwanza.
Besi walikuwa wanaume tisa, wote na wake zao,
na watoto wa saba kati yao tulikuwa tumeketi pale,
tunahesabu miaka kwa vidole chini ya meza.

Baba yangu alikuwa besi.
Kila Jumatatu usiku alipaka viatu vyake mafuta ya nguruwe,
taratibu, hadi kwenye mishono.
Sikumwangalia dada yangu.

Mwenyekiti Armas akakohoa, akauliza habari za misumari.

Kumbukumbu za kikao, kifungu cha sita:
ubao mmoja, karibu na jukwaa, usipigiliwe,
kwa kubana matumizi.
Mtoa hoja, S. Waliounga mkono, wote.

Jorma anasema misumari ilibaki nusu ndoo.