Kisima Kisicho na Maji

Walikuja Jumanne, vijana wawili na keekee ndefu,
wakatoboa pale pale lilipokuwa banda la kuni la Tauno.
Mita mia moja na themanini. Nilihesabu mabomba
kama mzazi anavyohesabu vidole vya mtoto mchanga.
Tope la kijivu liliruka hadi kwenye shuka nilizoanika.
"Bi Irmeli," mmoja akasema, akijifuta pua,
"huko chini ardhi haijui kalenda."

Miaka arobaini mume wangu alipasua magogo.
Oktoba niliijua kwa shoka:
ta! halafu kimya, halafu ta!
Sasa stoo kuna sanduku jeupe, kimo cha friji,
linakoroma kidogo, kama mtu aliyelala chali.

Januari, ziwa limekuwa jiwe,
nakanyaga sakafu bila soksi.
Julai, jua linapokataa kuzama,
bomba lile lile hulichukua joto la chumbani
likaliweke akiba mwambani.
Kinachonitoa jasho leo
ndicho nitakachokidai Desemba.

Siku ya mazishi nililia
si kwa kifo, kwa baridi:
kwamba nimemlaza Tauno kwenye barafu.
Hakuna aliyeniambia
theluji ni shuka la juu tu,
kwamba ukishuka kimo cha mtu
udongo haugandi.

Shoka lake lingali ukutani.
Kila Oktoba nalinoa.
Sina cha kukata.